Sarafu Elfu Moja za Mbio za Baiskeli

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatatu, jirani yangu muuza vitenge aliingia karakanani kwangu, akaweka sarafu tatu juu ya meza ya kazi, akaniomba nimbadilishie kwa noti. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika daftarini, kama ninavyofanya kila ninapoanza kazi. Nilikuwa naanza kuchonga muhuri wa shule moja ya msingi, na muhuri huo sikuugusa tena mpaka wiki iliyofuata.

Sarafu zile nilikuwa nimezitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu. Zilikuwa sarafu za ukumbusho, za kuchangia mbio za baiskeli za nchi za kanda yetu, ambazo mwaka huo zilipangwa kumalizikia Bujumbura kwa mara ya kwanza. Hazikuwa pesa. Mtu alitoa faranga elfu kumi, akapewa sarafu moja ya shaba akaiweke nyumbani kwake, na zile elfu kumi zikaenda kulipia malazi ya timu za wageni. Hivyo ndivyo kamati ilivyokubaliana, na hivyo ndivyo tulivyowaeleza watu.

Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu. Yeye na baba yake wote wawili walizaliwa hapa hapa mtaani Asiatique, na duka lake limepakana na karakana yangu ukuta kwa ukuta. Nilimwuliza amezitoa wapi.

"Mteja amenilipa. Kitenge cha elfu makumi sita. Amenipa elfu makumi tatu za noti, na hizi tatu."

"Mzee, hizi si pesa."

"Imeandikwa elfu kumi."

"Ni ukumbusho tu, wa mbio."

"Mama fundi, sikiliza. Noti ikichanika kidogo tu, muuza nyanya anaikataa. Hii we iangushe, ipige nyundo, iko vile vile. Mi nimeikubali. Na yule wa mchele, ng'ambo ya barabara, jana amerudishia mutu chenji na moja."

Alisema hivyo kwa kunisifu. Sifa hiyo niliipokea kwa muda wa pumzi moja, kisha nikainuka nikafunga mlango wa karakana, maana nilikuwa nimeelewa kilichotokea. Kati ya sarafu elfu moja nilizopiga, mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwetu, na kila moja ilikuwa na namba 10000 usoni. Nchi yoyote ina ofisi moja tu yenye ruhusa ya kutoa pesa, na ofisi hiyo haikuwa karakana yangu.

Ilinibidi nijiulize tulifikaje hapo, na jibu nalijua hatua kwa hatua.

Mimi ni mchonga mihuri. Natengeneza mihuri ya ofisi, ya makanisa, ya misikiti na ya shule, na vikombe vya mashindano nikipata oda. Shule niliiacha darasa la sita. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe, zaidi katika vitabu vya Kifaransa ninavyonunua kwa kilo kwa wauza karatasi, wale ambao wengine hununua kwao karatasi za kufungia karanga. Kimoja kati ya hivyo kinaeleza namna ya kutengeneza medali na sarafu. Nilikinunua kikiwa kimepungukiwa kurasa kumi na nne katikati, ambazo bila shaka zilikwisha kwenda na karanga. Nilikisoma mara tatu. Kisha nikanunua presi ya zamani kutoka kwa mfanyabiashara aliyefunga kiwanda chake cha vifungo vya mikanda: mashine ya skrubu nene, yenye mkono mrefu juu na tufe la chuma kila ncha. Watu wawili wakiuzungusha mkono huo kwa nguvu, skrubu inashuka na kupiga kile kilicho chini yake.

Kamati ya mbio ilikuwa na watu saba, nami nikiwa mmoja wao. Wengine wanaohusika hapa ni watatu: mwalimu mstaafu aliyekuwa mweka hazina, injinia wa barabara, na mwendesha baiskeli mmoja aliyewahi kubeba ndizi miaka sita kwenye mteremko wa Bugarama kabla ya kuanza kushindana. Mwenye nyumba ya wageni alitaka faranga milioni saba mapema, zote kwa pamoja, la sivyo vyumba angewapa watu wengine. Na waandalizi wa kanda walikwisha kusema wazi: timu zisipokuwa na pa kulala, mbio zitamalizikia mji mwingine, nchi nyingine. Mtu mmoja alitoa wazo la sarafu za ukumbusho. Walipouliza bei kwa watengenezaji wa nje waliambiwa walipe kwa dola, na dola mwaka ule ilikuwa adimu kama petroli.

Nikasema naweza kuzitengeneza hapa.

"Bon, mama," akasema injinia, bila ubaya, "kutengeneza sarafu si sawa na kutengeneza muhuri wa parokia."

Nikamjibu kwamba najua tofauti yake, nikaitaja: muhuri wa mpira unagusa karatasi, muhuri wa sarafu lazima ushinde shaba. Nikaomba siku arobaini. Nilitumia thelathini na nane. Shaba ilitoka kwenye mabomba mabovu ya maji, kilo ishirini na nne, na fundi mmoja wa Buyenzi aliiyeyusha na kuimimina katika mchanga ikawa vidonge bapa. Mihuri ya chuma niliichonga kwenye vipande vya ekseli ya lori. Wa kwanza nilipouchovya kwenye maji ili uwe mgumu ulipasuka vipande viwili. Wa pili niliuchovya kwenye mawese yaliyopashwa moto, na haukupasuka. Upande mmoja nilichora mwendesha baiskeli akiteremka na mikungu ya ndizi, kichwa kikiwa karibu na usukani. Nyuma ya gurudumu lake la nyuma, kwa wenye macho mazuri, kuna vijiwe vitatu vinavyoruka.

Sampuli ya kwanza haikuwa na namba. Niliipeleka kwenye kikao, ikazunguka meza, na yule mbeba ndizi wa zamani akaiweka kwenye kifua cha shati lake.

"Nzuri sana," akasema. "Iko kama kifungo ya koti."

Wakacheka, na kicheko kile kiliniingia ndani. Mwingine akasema mutu hawezi kutoa elfu kumi apewe kifungo. Wa tatu akasema sarafu isiyo na namba ni kama kitambulisho kisicho na jina. Ikapigwa kura kwamba upande wa pili iandikwe bei yake, 10000, kwa tarakimu kubwa, ili kila mtu ajue imenunuliwa kwa kiasi gani. Kura zilikuwa saba kati ya saba, yaani na mimi nilinyoosha mkono. Hapa kwetu vitu vya sherehe huwekewa bei wazi, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, hata injinia. Mimi, niliyesoma kitabu kizima cha sarafu, nilipaswa kufikiri.

Basi Jumatatu ile nilimwambia jirani yangu ukweli: kwamba duka lake na la muuza mchele yalikuwa yanapokea pesa ambazo si pesa, na kwamba siwezi kumbadilishia kwa sababu nikimbadilishia nitakuwa nimekubali kwamba ni pesa. Akazichukua zile tatu, akazipima mkononi.

"Basi niandike mi mwenyewe," akasema. "Elfu makumi tatu, nimechangia. Lakini kitenge changu kimeenda na mwanamke mwenye akili kuliko mimi na wewe."

Nilimwomba anipe sarafu hizo nizibebe. Kisha nikampigia simu mwalimu mstaafu, nikamwambia asiuze hata moja zaidi, na nikamwambia ninakokwenda.

"Wanaweza kukufungia karakana," akasema.

"Wakinikuta wao wataifunga. Nikienda mwenyewe sijui."

Saa tano kasoro kumi nilikuwa mbele ya afisa wa benki inayotoa pesa za nchi. Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye miwani na sauti ya chini. Nilimwekea mezani sarafu tatu, nikamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia kura ya kamati mpaka chenji ya muuza mchele. Hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza alitoa kioo cha kukuzia kwenye droo, akaitazama sarafu upande wa baiskeli kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Nani amechonga?"

"Mimi."

"Ulisomea wapi?"

"Kwenye vitabu."

Akaigeuza, akatazama namba, akaweka kioo chini. "Mama, kama ingekuwa mbaya, nisingekuwa na kazi leo. Watu wasingeikubali. Tatizo lako ni kwamba wameikubali."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo, na sioni aibu kusema kwamba yalinifurahisha hata pale nilipokuwa naogopa. Lakini aliyoyasema baadaye yalikuwa magumu. Sarafu zote zenye namba zitolewe mikononi mwa watu. Namba iondolewe, isisomeke hata kwa kioo chake. Nimletee zote Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri, nikiwa na maelezo ya kila moja isiyopatikana. Nikitimiza, zitakuwa medali na tunaweza kuziuza. Nisipotimiza, atazichukua zote, kamati itarudisha michango ya watu, na suala litaenda mbele zaidi ya meza yake. Nilifanya hesabu nikishuka ngazi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa anasubiri milioni zake saba Alhamisi ya wiki iliyofuata. Zikichukuliwa sarafu, hakuna malazi. Pasipo malazi, hakuna mbio.

Kamati ilikutana mchana huo huo karakanani. Watu walikuwa na hofu na walianza kuulizana nani alileta wazo la namba. Mwalimu mstaafu aliwanyamazisha kwa kufungua begi lake na kutoa daftari nene lenye jalada la maua.

Ni lazima nieleze daftari hilo. Kwetu mtu akioa, akifiwa au akiwa na ubatizo, watu humtwerera, yaani humchangia, na kila anayetwerera huandikwa: jina, mtaa, alichotoa. Mtu asiyeandikwa ni kama hakutoa, na siku yake ikifika hana pa kudai. Mwalimu alikuwa ameuza sarafu mia mbili na kumi na mbili, na kwa kuwa hajawahi kupokea mchango wa mtu bila kuandika, alikuwa ameandika kila mnunuzi vile vile kama harusini. Injinia aliposema kwamba sarafu zimekwisha kutawanyika mji mzima na haiwezekani kuzikusanya, mwalimu alimsukumia daftari.

"Zipo hapa," akasema. "Zote. Hata yule aliyenunua kitenge."

Petroli haikuwepo, lakini kamati ya baiskeli haikuhitaji petroli. Asubuhi ya Jumanne waendesha baiskeli kumi na wawili wa klabu yetu waligawana kurasa. Wawili walikwenda mpaka Carama, mmoja Buyenzi, wengine mitaa ya katikati. Muuza mchele alitoa nyingine aliyokuwa nayo kabla hajaombwa, na mtu aliyempa chenji alipatikana kwa sababu naye alikuwa jirani. Jioni walikuwa wamerudi na sarafu mia moja na hamsini na tatu, kwenye mifuko ya mgongoni iliyoshonwa kwa ajili ya chupa za maji.

Mimi siku hiyo sikutoka karakanani. Nilikuwa nachonga.

Kuzisaga namba kwa msasa kungewezekana, lakini sarafu ingebaki na upande mmoja mtupu, na utupu ndio uliotuletea kura ile. Nilichagua kuzipiga mara ya pili kwa muhuri mpya, juu ya namba. Nilihitaji mchoro utakaoficha mabaki ya tarakimu tano. Mchoro wenye eneo pana na laini ungeonyesha kila kovu. Mchoro wa mistari mingi ungeyapoteza. Nikachagua gurudumu la baiskeli lenye spoki thelathini na sita, kama lilivyo kweli, zikipishana kama zinavyopishana kweli. Nilikuwa na kipande kimoja tu cha ekseli kilichobaki. Nilianza saa moja na nusu asubuhi, nikamaliza saa kumi na moja na robo jioni, na nilikula mara moja.

Jumatano asubuhi niliupasha muhuri huo kwa moto wa makaa mpaka sumaku ikakataa kuushika, nikauchovya kwenye mawese. Haukulia. Chuma kinachopasuka hulia sauti ndogo, kama kucha kwenye sahani. Nikauosha, nikausugua mpaka ukang'aa, nikaupasha tena taratibu juu ya bamba mpaka ukawa na rangi ya majani makavu, nikauacha upoe.

Mchana mwalimu alinichukua twende Ruziba. Kulikuwa na mtu mmoja huko aliyekataa kabisa kumpa mwendesha baiskeli sarafu yake, na mwalimu aliona kwamba aliyeitengeneza aende mwenyewe. Tulibebwa kwenye keria za baiskeli mbili, mimi nikiwa nyuma ya yule mbeba ndizi wa zamani, ambaye alinitania njia nzima kwamba mimi ni mwepesi kuliko mkungu mmoja wa kule Bugarama.

Aliyekataa alikuwa mwanamke mzee, muuza ndagala, aliyekaa mbele ya mkeka wa samaki wake waliokaushwa. Sarafu alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge alichovaa.

"Apana," akasema kabla hatujaketi. "Mulikuja kuniomba, nikatoa. Sasa munakuja kuchukua."

Mwalimu alimweleza kwa upole kuhusu namba, benki na Ijumaa. Yule mama alisikiliza akiwafukuza nzi.

"Jina yangu iko mu kitabu?"

Mwalimu alifungua daftari, akatafuta, akasoma jina lake, mtaa wa Ruziba, sarafu moja.

"Soma tena."

Akasoma tena, kwa sauti, mpaka jirani zake wakageuka.

Ndipo alipofungua fundo. "Mutairudisha na namba, mutairudisha bila namba, mi sina shida na namba," akasema, na kuniwekea sarafu kiganjani. "Siku baiskeli zitapita hapa, mutu asiseme sikutwerera. Ni ile tu."

Nilipanda baiskeli nikiwa nimepata jibu la swali ambalo kamati haikuwa imeuliza. Tulikuwa tumedhani watu wananunua sarafu, na kwa hiyo wanataka kuona bei. Kumbe walikuwa wanaandikwa, na sarafu ilikuwa ushahidi wa kuandikwa huko. Nilimwambia mwalimu njiani, baiskeli zetu zikiwa sambamba, kwamba tukipata ruhusa ya kuuza tena, tuweke daftari mbele na sarafu nyuma yake. Alisema alikuwa anafanya hivyo tangu mwanzo, ila mimi sikuwa nimeangalia. Ilikuwa kweli.

Tulipofika karakanani nilifunga muhuri mpya kwenye presi. Injinia alikuwa amekuja, amekunja mikono ya shati. Yeye na mbeba ndizi walishika mkono wa presi, mmoja kila upande, nami nikaweka sarafu ya kwanza chini. Wakapiga mara mbili. Niliitoa, nikaipeleka dirishani. Gurudumu lilikuwepo. Katikati ya spoki, kwa wazi kabisa, zilikuwepo sifuri nne.

Tulijaribu tisa zaidi. Zote hivyo hivyo. Mbeba ndizi akasema labda hatupigi kwa nguvu, wakapiga mara nne, na presi ikalia kwa namna ambayo sikuipenda. Nikawasimamisha.

"Chuma chako ni kizuri," injinia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia hivyo. "Shaba ndiyo imekataa."

Hapo nikaketi na daftari langu la majaribio. Vidonge vya kwanza vilitoka kwenye mchanga wa Buyenzi na kupigwa vikiwa laini. Hivi sasa vilikuwa vimekwisha kupigwa mara moja. Kilichobadilika ni kimoja tu: lile pigo. Kwa hiyo pigo lilikuwa limeifanya shaba kuwa ngumu, na kama ni hivyo, moto ulioilainisha mwanzo ungeilainisha tena. Nilichukua moja ya zile kumi, nikaipasha kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu hafifu, nikaiacha ipoe, nikaisafisha weusi kwa maji ya limau. Wakaipiga mara mbili. Nikaipeleka dirishani, na sikuona sifuri hata moja. Nikampa injinia, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akampa mbeba ndizi, naye akaniuliza namba imekwenda wapi.

Labda hayo yaliandikwa kwenye zile kurasa kumi na nne. Sijui. Ninachojua ni kwamba nimeyaandika upya, katika daftari langu, kwa tarehe na kwa saa.

Kufikia Jumatano jioni sarafu zote zilizowezekana zilikuwa zimerudi. Tatu hazikurudi: moja ilivuka mpaka kwenda Uvira mfukoni mwa mwenyewe, na mbili, mwenye nazo aliapa, zilizama ziwani pamoja na koti lake. Nikaziandika hivyo hivyo. Zilizobaki zilikuwa mia tisa tisini na saba. Alhamisi tangu asubuhi fundi wa Buyenzi alizipasha kwa mafungu ya hamsini kwenye sufuria za chuma. Wanawake wa klabu ya baiskeli walizisugua kwa limau na mchanga laini. Kuanzia saa nane mchana presi ilianza kupiga, tukaacha giza lilipoingia, tukaendelea Ijumaa alfajiri. Injinia alishika mkono wa presi saa zote hizo isipokuwa nusu saa. Malengelenge yalimpasuka, akafunga kitambaa, akaendelea. Mimi niliweka na kutoa, kuweka na kutoa, na kila moja niliitazama kabla ya kuigusa nyingine.

Ijumaa saa tisa na dakika tano tuliingia ofisini kwa afisa tukiwa na masanduku mawili ya mbao. Aliagiza meza ya pili. Yeye na msaidizi wake walizitazama moja moja, na kila alipotilia shaka alichukua kioo. Zilizokataliwa aliziweka kushoto. Nilizihesabu kwa macho na kila moja niliihisi. Zilifika arobaini na moja. Sikubishana, kwa sababu ishirini kati yake ningezikataa mimi mwenyewe kama ningekuwa na siku moja zaidi. Zilikatwa kwa mkasi wa bati mbele yake.

Kisha akatia sahihi karatasi inayosema kwamba mia tisa hamsini na sita zilizobaki ni medali za ukumbusho na si pesa. Akatoa noti ya elfu kumi mfukoni mwake, akachagua moja.

"Niandikeni na mimi," akamwambia mwalimu.

Mia mbili na tisa zilirudi kwa wenyewe, na ya Ruziba niliipeleka mwenyewe. Zilizobaki tuliziuza dukani kwa jirani yangu, daftari likiwa juu ya kaunta, limefunguliwa. Yule mzee aligeuka kuwa muuzaji hodari kuliko sisi sote. Wateja walipouliza hii inanunua nini, aliwajibu kwamba hainunui kitu chochote duniani, na ndiyo maana peke yake katika Bujumbura nzima haitashuka thamani. Watu walicheka, wakatoa elfu kumi, wakasimama kuhakikisha majina yao yameandikwa sawasawa. Wengine walitoa kwa jina la mtu aliyekufa. Mwalimu aliyaandika yote. Ilipofika Alhamisi tulikuwa na zile milioni saba, na mwenye nyumba ya wageni alitupa funguo.

Siku ya mbio nilisimama karibu na mstari wa mwisho, upande wa ziwa. Barabara ilikuwa imefungwa, watu wamejaa pande zote mbili mpaka juu ya kuta. Waendesha baiskeli waliteremka kutoka Bugarama kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona ila kwenye mchoro wangu, vichwa karibu na usukani. Mbeba ndizi wetu alikuwa wa sita kati ya watu themanini na zaidi, na alipita akiwa amejilaza juu ya baiskeli hivi kwamba nilitaka kurudi karakanani nirekebishe mgongo wa yule wa shaba. Wachezaji wa nchi jirani walinunua sarafu za mwisho, kumi na tisa, siku ile ile. Waliandikwa daftarini pamoja na nchi zao.

Wiki moja baadaye kamati ilifunga mahesabu. Mwalimu alisoma, injinia alihakiki. Kila sarafu iliyouzwa, pamoja na zile tatu zisizorudi, mia tisa hamsini na tisa: faranga milioni tisa, laki tano na elfu tisini. Tukatoa mabomba mabovu, makaa, mawese, limau, fundi wa Buyenzi na matangazo: milioni mbili, laki moja na elfu sitini na tano. Injinia aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hakuna hata dola moja iliyotoka nje ya nchi, na kwamba kazi yote ilifanyika Asiatique na Buyenzi. Ikaandikwa. Zilizobaki kwa ajili ya mbio, zile milioni saba za malazi zikiwemo, zilikuwa faranga milioni saba, laki nne na elfu ishirini na tano.